Chiriku Kwenye Harusi za Watu

Daktari wa macho alizungumza polepole, mikono yake yote miwili ikiwa juu ya meza. Alisema jicho la kushoto ndiyo basi tena. La kulia nalo presha yake haishikiki, matone hayaitulizi, na upasuaji waliofanya umesaidia kidogo mno. Asingependa kumdanganya mtu mzima.

"Kama kuna kitu unatamani sana kukiona," alimalizia, "kione sasa."

Mgonjwa alikuwa mshonaji wa nguo za harusi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mkoba wake, akashukuru, akasimama. Hakulia. Aliyelia ni dada yake mkubwa, aliyemsindikiza na kukaa kiti cha pembeni, akijifuta kwa ncha ya mtandio huku akijidai ana mafua.

Nje jua lilikuwa kali. Mshonaji alisimama kwenye ngazi za kliniki, akageuza kichwa chote upande mmoja, kisha upande wa pili. Siku hizi alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: alichokielekea kilikuwepo, vingine vyote havikuwepo. Dada yake akamshika mkono.

"Dada," mshonaji alisema, "nataka nimwone mwanangu."

Dada mtu alidhani uchungu umempanda kichwani. Mtoto huyo walikuwa wamekwisha kumzika, na wao wawili ndio waliochagua gauni la kumzikia.

"Usinitazame hivyo, sijachanganyikiwa," mshonaji alisema. "Picha zake ninazo ukutani, lakini zinanikodolea macho tu. Nataka nimwone anatembea. Anageuka. Ananuna. Na wewe ndiye unaye."

Ilikuwa kweli. Dada mtu alikuwa mpiga video wa harusi, na wateja walimzoea kwa jina la Mama Kamera. Kwa miaka mingi ndugu hao wawili walikuwa wakifuatana kazini: mmoja anapiga picha, mwingine ameshona magauni ya bibi harusi na wapambe wake, na anakuja na pini na sindano kushikiza mshono utakaoachia dakika za mwisho. Mshonaji hakuwa na mtu wa kumwachia mwanawe, maana baba wa mtoto alikwisha shika njia yake. Kwa hiyo mtoto naye alikwenda kwenye harusi. Alikwenda tangu anabebwa mgongoni, mpaka akawa anakwenda kwa miguu yake, mpaka akawa anamtangulia mama yake mlangoni.

Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupoa. Aliongea na maharusi, akaongea na wapishi, akaongea na vipaza sauti vilivyozimwa. Alikuwa darasa la sita alipopatwa na homa ambayo kila mtu aliidhania ya kawaida, na kabla watu hawajaanza kuogopa vizuri, mtoto alikuwa hayupo tena. Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba mama yake alihamishia cherehani karibu na dirisha la barabarani, asikie angalau magari.

Sasa Chiriku alikuwa amebaki kwenye diski za Mama Kamera, pembezoni mwa furaha za watu wengine.

"Nitakutafutia," Mama Kamera alisema pale kwenye ngazi. "Nitakukusanyia kila mahali alipopita. Nipe muda kidogo tu."

*

Chumba cha kazi cha Mama Kamera kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Kilikuwa na meza moja, kiti chenye mto uliobonyea, rafu ya diski zilizoandikwa majina ya maharusi kwa kalamu ya wino mzito, na kompyuta mpakato iliyokwisha kula chumvi nyingi. Herufi kadhaa za kibodi zilikuwa zimefutika kwa kupapaswa.

Alianza siku iliyofuata. Aliweka harusi moja baada ya nyingine, akazipitisha haraka haraka, jicho lake likiacha maharusi na kuhangaika kwenye kona. Na Chiriku alikuwepo. Alipita nyuma ya keki akinyonya kidole. Alikuwa amechuchumaa chini ya meza kuu, kichwa kimetokeza kama cha kobe. Alicheza peke yake karibu na spika, macho ameyafumba, wakati kamera ilikuwa inamfuata shangazi fulani mnene aliyekuwa anawatunza maharusi pesa. Kuna mahali alimrekebishia bibi harusi shela bila kuombwa na mtu.

Kila alipomwona, Mama Kamera alisimamisha picha. Mara nyingine aliamka akaenda dirishani, akatazama magodoro yanavyopakiwa kwenye mikokoteni, kisha akarudi.

Shida ilikuwa kwamba mtoto hakuwahi kuwa ndiye aliyelengwa. Alikuwa mdogo, yuko mbali, yuko gizani, ana ukungu. Na mama yake alikuwa anaona kupitia bomba. Ili amwone, ilibidi kila kipande kivutwe mpaka uso ujae skrini, kisha kisafishwe chenga, kipewe mwanga, kitulizwe kisitikisike. Hayo yote Mama Kamera aliyajua. Alipanga vipande vichache vya mwanzo, akabonyeza kitufe cha kurenda, yaani kompyuta itafune kazi yote hiyo na kuitoa ikiwa video moja iliyokamilika, akasubiri.

Alisubiri mpaka chai ikapoa, mpaka wauza magodoro wakafunga duka lao. Feni ya kompyuta ilikuwa inalia kama nyigu aliyenaswa kwenye chupa. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofikia haukuwa umefika hata robo. Kesho yake asubuhi alikuta kompyuta imejizima kwa joto na kazi imepotea.

Alirudia, akaiwekea vifuniko vya chupa chini ili ipitishe hewa. Ikazima tena.

Ndipo akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mume wake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu, na alimpenda sana Chiriku enzi za uhai wake.

"Shemeji, hii laptopu yako ni mzee anayebebeshwa gunia," alisema baada ya kuipapasa chini. "Ingekuwa mtu tungempa likizo."

"Sina ya kununua nyingine, na muda wenyewe ndio huu."

"Basi tujaribu kadi ya nje."

Akamweleza. Ndani ya kompyuta ile, kazi ya kuchora picha ilikuwa imeachiwa kijikadi kidogo kisicho na nguvu. Lakini siku hizi kulikuwa na boksi linalokaa mezani, lenye umeme wake na feni yake, ambalo unaweka ndani yake kadi kubwa ya grafiki, kama zile za kompyuta za mezani, kisha unaliunganisha na laptopu kwa waya mmoja. Yeye alikuwa nalo moja pale kibandani. Mwenye boksi, mteja wake, alikuwa amesafiri, na alishasema anayetaka kulijaribu ni ruksa.

"Na litaharakisha?" Mama Kamera aliuliza.

"Wengine wanasema linapaa, wengine wanasema ni pambo. Mimi naona inategemea unalituma nini."

*

Boksi lilikuja kesho yake, jeusi, zito, ukubwa wa kibweta. Shemeji alilichomeka, akaweka programu zake, akabonyeza. Taa ikawaka. Mama Kamera akaweka mikono kifuani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Akabonyeza kurenda.

Mstari ukaanza kujikokota vilevile kama jana.

"Aa!" alisema. "Ni pambo!"

"Subiri kwanza, usimtukane mgeni." Shemeji akafungua kidirisha kinachoonyesha nani anafanya kazi na nani amelala. Prosesa, yaani ubongo wa laptopu, ilikuwa inatokwa jasho, iko juu kabisa. Kadi kubwa ndani ya boksi ilikuwa imekaa tu. "Umeona? Ni mgeni aliyekaribishwa sebuleni halafu hakuna aliyempa hata maji."

Alivuta stuli, akamwelewesha bila haraka. Kazi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuitengeneza picha yenyewe: kuvuta uso, kuondoa chenga, kuongeza mwanga. Ya pili ni kuifunga video iwe faili la kuchezeka. Kote kuwili programu ya Mama Kamera ilikuwa bado inaitegemea prosesa, kwa sababu hakuna aliyeiambia vinginevyo. Kununua kadi, au kuiazima, hakuibadilishi programu tabia. Lazima uingie kwenye mipangilio uiamrishe.

Akaingia, akabadilisha hapa, akabadilisha pale. Kisha akaleta skrini nyingine, akaichomeka moja kwa moja kwenye boksi. "Waya huu mmoja ndio njia ya kwenda na ndio njia ya kurudi," alisema. "Tukitazama kwenye kioo cha laptopu, picha inakwenda kule halafu inarudi huku, foleni. Tutazame hukuhuku kwenye kadi."

Mama Kamera akabonyeza tena. Mstari ukaondoka. Haukujikokota, uliteleza. Kabla shemeji hajamaliza kukunja nyaya zake, kipande cha kwanza kilikuwa tayari, na uso wa Chiriku ulikuwa umejaa skrini, akitafuna kitu, akitazama juu.

Shemeji alivua kofia yake, akaishika mapajani.

"Ila nikwambie kitu," alisema baadaye, sauti imemshuka. "Kadi inafunga video mbiombio. Ukitaka faili dogo, itakata kwenye sura, utaona mashavu yana vigaevigae. Liache faili liwe kubwa. Ndiyo hivyo tu."

*

Kuanzia hapo Mama Kamera alikuwa na kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho maisha yake yote ya kazi: kama kitu hakijampendeza, angeweza kukirudia palepale.

Zamani, kurenda kulikuwa ni uamuzi. Unapanga, unasali, unabonyeza, na kinachotoka ndicho hichohicho. Sasa alibonyeza, akatazama, akaona weusi chini ya macho ya mtoto, akarekebisha, akabonyeza tena. Ngozi ikawa nyekundu mno, akarudia. Akaona kipande cha keki kinaanza ghafla, akarudia. Akaongeza shela ya bibi harusi ikipepea taratibu kabla Chiriku hajatokea, akaiondoa, akairudisha. Ndani ya wiki ya kwanza alikuwa na video nzima, imekamilika, ya kutosha kumpelekea mama yeyote duniani. Hakuipeleka.

Shemeji alipita kuangalia boksi, akaiona, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Hii ipeleke leo, shemeji."

"Bado kidogo. Kuna ile sehemu ya mwisho, sura imefifia. Na kurudia kwenyewe siku hizi si kazi."

"Ndiyo maana nakwambia uipeleke."

"Ataiona mara chache tu maishani mwake. Nimpe yenye makosa?"

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia shemeji. Katika vile vipande, karibu kila kimoja, kulikuwa na sauti, na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa yake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu na kamera. "Chiriku, toka hapo." "Chiriku, unaniharibia picha." "Jamani, hebu mtoeni huyu mtoto mbele yangu." Harusi baada ya harusi, mwaka baada ya mwaka, mtoto akikua na yeye akimfukuza kwenye picha. Siku ya kwanza alipoyasikia alizima kila kitu, akaketi sakafuni. Siku ya pili alifuta sauti yote na kuweka muziki laini wa kinanda. Alijiambia ni kwa sababu ya kelele za ukumbini.

Mshonaji alipiga simu mara mojamoja. Hakuwa mtu wa kusumbua.

"Vipi, dada, unaendeleaje na kazi yetu?"

"Inakwenda, mdogo wangu. Inapendeza, utaona. Bado kuitia nakshi tu."

"Haya. Usijichoshe."

Hakusema kwamba alikwisha wagawia washonaji wenzake kazi za wateja, kwa kuwa sindano ilikuwa inamchoma badala ya kitambaa. Hakusema kwamba asubuhi moja alidhani umeme umekatika, akakaa kitandani akisubiri urudi, mpaka jirani akamgongea kumuuliza mbona hafungui mapazia na jua limeshatoka. Alimjua dada yake. Alijua akimwambia, dada atatupa kila kitu na kuja mbio, na kazi ile aliyoisikia ikielezwa kwa sauti yenye fahari kiasi kile itabaki nusu. Akasema moyoni, bado naona mwanga kidogo, labda ipo nafasi. Akangoja.

*

Mama Kamera alikwenda siku ya Jumapili, mchana, akiwa amevaa gauni ambalo mdogo wake alimshonea. Shemeji alimbebea skrini kubwa mpaka mlangoni. Video ilikuwa kwenye flashi, ameitia kwenye kikasha kidogo cha kitambaa.

Mshonaji aliwafungulia, akawapisha, akarudi kwenye kochi kwa kupapasa ukuta. Mama Kamera alikuwa anahangaika na nyaya, hakuona. Shemeji aliona.

"Njoo karibu kabisa," Mama Kamera alisema, akamvutia mdogo wake kiti mbele ya skrini, magoti yakagusa meza. "Nimeukuza uso. Hata kwa jicho moja utamwona kope. Uko tayari?"

"Niko tayari."

Kinanda kikaanza. Kwenye skrini shela ikapepea, na nyuma yake akatokea mtoto, mdogo wa kunyonya kidole, mwanga umemkaa vizuri kwenye paji la uso. Akageuka. Akatabasamu kwa mtu asiyeonekana. Mama Kamera hakuitazama skrini, alikuwa akimtazama mdogo wake. Alitaka kuona uso ule ukifunguka.

Uso haukufunguka. Ulikuwa umetulia, umeinuliwa kidogo, unaelekea pembeni kidogo ya skrini.

"Umeanza?" mshonaji aliuliza.

Shemeji akatoka nje.

"Mdogo wangu," Mama Kamera alisema. "Mbona... yuko hapo. Yuko mbele yako hapo."

"Naona mwanga." Mshonaji akanyoosha mkono, akagusa kioo, kiganja kikatulia juu ya shavu la mwanawe bila kujua ni shavu. "Kuna kitu kinatikisika. Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Anafanya nini?"

Kinanda kiliendelea peke yake. Mshonaji akasikiliza, akaweka sikio karibu, akasubiri, kisha akakunja uso.

"Yeye mwenyewe yuko wapi? Mbona haongei?"

"Nilitoa sauti. Kulikuwa na kelele. Nikaona muziki..."

"Ulitoa sauti ya Chiriku?"

Mshonaji aliuondoa mkono kwenye kioo, akaurudisha mapajani. Alipozungumza hakupaza sauti, na ndivyo ilivyouma zaidi.

"Dada, nilikuomba mwanangu. Umeniletea tangazo la biashara."

"Ungeniambia! Ungeniambia jicho linakwenda, ningekuletea tangu wiki ya kwanza! Ilikuwa tayari! Ilikuwa tayari, nikawa narudia, narudia, kwa sababu lile boksi linafanya haraka, nikajua muda upo..." Akakaa sakafuni palepale, mgongo umeegemea mguu wa meza, akalia kwa kwikwi kama mtoto mdogo.

Mshonaji hakumfuata. Alikaa kwenye kiti chake, machozi yakimteremka kutoka kwenye macho ambayo sasa yalikuwa na kazi hiyo moja tu iliyobaki. Video ilifika mwisho ikasimama. Nje, watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira.

Shemeji aliporudi ndani aliwakuta hivyo. Akachuchumaa mbele ya Mama Kamera.

"Sauti uliifuta kabisa, au uliizima kwenye hii tu?" alimnong'oneza.

"Diski zenyewe ziko palepale."

"Basi nenda kaifuate. Sauti haihitaji kadi wala boksi. Hata simu yako inaiweza."

"Shemeji, hujui kuna nini mle."

"Sijui. Lakini kilichomo ni cha mama yake, si chako."

*

Mama Kamera alikwenda akarudi kabla ya jua kuzama. Alitoa zile sauti zote bila kuzipanga, bila kuzisafisha, zikiwa na ngoma, vigelegele na sahani zinazogongana. Kompyuta ile mzee, ikiwa peke yake, ilizitoa mara moja, bila hata feni kuamka.

Alizima skrini. Akakaa kwenye kochi na mdogo wake, bega kwa bega, akaiweka spika ndogo katikati yao.

"Kabla sijacheza," alisema, "utanisikia na mimi. Nilikuwa namfukuza. Kila mahali namfukuza. Ndiyo maana nilizima. Kelele nilisingizia tu."

Mshonaji alitafuta kwa vidole, akabonyeza mwenyewe.

Kelele za ukumbi zikajaa chumba. Kisha ikaja, juu ya kila kitu, ile sauti nyembamba inayokimbilia mbele: "Mama mkubwa, huyu bwana harusi mbona anatetemeka? Anaumwa? Mama mkubwa, hivi hii kamera inaniona na mimi?"

Na sauti ya Mama Kamera, kavu, ya mtu aliye kazini: "Chiriku, toka hapo, unaniharibia picha."

"Natoka." Kimya kidogo. "Nimetoka. Sasa bado inaniona?"

Mshonaji akaziba mdomo kwa mikono miwili. Dada yake alidhani anazuia kilio. Ilikuwa kicheko, kilichomtoka kwa nguvu mpaka kikamkunja, kisha kikageuka kilio njiani, kisha kikawa vyote viwili kwa pamoja.

"Na alikuwa hatoki!" alisema. "Dada, alikuwa hatoki! Mimi namvuta gauni nyuma, yeye anasogea mbele!"

"Alikuwa hatoki," Mama Kamera alisema, uso wake wote umelowa.

Wakasikiliza mpaka kukawa giza na hakuna aliyekumbuka taa. Chiriku alimwambia bibi harusi mmoja kwamba ameikalia shela yake. Aliimba wimbo na kukosea maneno yote. Aliuliza kama keki ni ya kweli. Mahali pengine alikohoa tu, na mama yake akaomba arudishiwe hapo, akasikiliza kile kikohozi mara kadhaa. Kisha akasema, "Sasa niambie. Hapo amevaa nini? Amesimama wapi?" Na Mama Kamera, aliyekuwa amezitazama zile picha mara zisizohesabika, akamweleza. Alizijua kope. Alijua mwanga ulikuwa unatoka upande gani. Alijua kiatu kipi kilikuwa hakijafungwa.

Haikuwa kuona. Wote wawili walijua haikuwa kuona, na mshonaji alisema hivyo wazi, bila kisirani, alipokuwa anasindikizwa kitandani: "Sura yake inaanza kunitoka, dada. Nashika hapa, inaponyoka pale. Nilitaka niishike mara moja ya mwisho."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nilitaka."

*

Mwanga uliobaki uliondoka kabla ya mwezi kuisha, bila kelele. Mshonaji alihamia kwa dada yake. Cherehani walimpa binti wa jirani aliyekuwa anajifunza kushona.

Boksi lilirudi kibandani. Wiki moja shemeji alimpigia Mama Kamera. Kuna mteja alikuwa amesimama mbele yake, mpiga video kama yeye, anataka kujua kama kadi ya nje kweli inaharakisha kurenda kwenye laptopu.

"Mwambie inaharakisha," Mama Kamera alisema, "ikiwa programu imeamrishwa kuitumia." Kisha akaaga.

Aliendelea kupiga harusi, maana ndiyo kazi aliyoijua. Siku ya harusi ya kwanza baada ya hayo yote, mdogo wake alisema anataka kwenda naye. Mama Kamera alisita: kelele, watu, nyaya sakafuni. Akasita, kisha akamtafutia gauni, akamfunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja. Ukumbini alimweka kwenye kiti cha ukutani, karibu na mlango wa jikoni ambako upepo unapita. Mshonaji alikaa wima, mikono mapajani. Bibi harusi alipopita karibu naye alinyoosha vidole, akashika pindo la gauni, akaupitia mshono kwa kidole gumba mpaka gauni likamtoka mkononi na kwenda zake.

Mama Kamera alikuwa amemwona kupitia kioo cha kamera. Kazi yake ilikuwa kumfuata bibi harusi kwenda jukwaani. Aliiacha kamera palepale, kwa mdogo wake, mpaka mtu wa muziki akampungia mkono na kumuuliza kwa ishara, vipi, kuna nini?